Matete ya Mabogini marefu kupita paa, ya Kahe hayafiki kifuani: ni maji au ni mbegu?

#1 Fundi Wigo
Wakuu habari. Niende moja kwa moja.

Mimi natengeneza wigo, dari na vichanja vya miche kwa matete, niko hapa Moshi. Mzigo natoa sehemu tatu: kando ya mifereji ya mpunga Mabogini, pembezoni mwa msitu wa Rau, na kule chini Kahe kwenye mbuga inayofurika masika halafu kiangazi inapasuka nyufa.

Ya Mabogini ni marefu, mtu mzima akinyoosha panga juu hagusi suke, na shina limeshiba kuliko kidole gumba. Ya Rau ni marefu vilevile ila membamba, yamelaliana. Ya Kahe mafupi, magumu, pingili zake fupifupi, na yanachoma mikono hatari. Wateja wananiuliza kama ni aina tatu.

Msimamo wangu: mmea ni mmoja, kinachobadilisha ni maji PEKE YAKE. Penye maji mwaka mzima linarefuka, penye kiangazi kikali linadumaa. Shemeji yangu analima Kahe, anabisha. Anasema ya kwao ni mbegu nyingine kabisa, hata uyapeleke ziwani hayaongezeki. Tumebishana hadi mbege imeisha. Wajuzi mje.

#2 Chalii wa Ngarenaro
Mangi ukimwona anapima nyasi ujue kuna hela humo. Nipo hapa, endeleeni.

#3 Binti wa Kahe
Kaka Fundi, shemeji yako simtetei, ila na wewe hiyo "maji peke yake" haikubaliki. Hapo unapokata Kahe maji hayako mbali, chimba kidogo tu hata mwezi wa tisa unayakuta. Shida yetu ni MAGADI. Jua likikaza ardhi inatoa unga mweupe, ukipita na ndala miguu inababuka. Mahindi hapo usijaribu.

Na huko huko Kahe, kwenye mkondo wa maji yanayotoka chemchemi ya Miwaleni, matete ni marefu na yamenona. Mvua ile ile, jua lile lile. Sasa mbegu imejuaje irefuke huku na idumae kule?

#4 Mfongo Mkavu
Binti wa Kahe amenena, ila niongeze kitu kwa sababu watu wa tambarare huwa tunasema "magadi" kwa kila kinachong'aa chini.

Kuna chumvi na kuna magadi. Chumvi ikizidi kwenye udongo mzizi unashindwa kuvuta maji hata kama umesimama ndani ya maji. Mmea unakuwa na kiu katikati ya dimbwi. Magadi ni tatizo la pili: sodiamu inasambaratisha mfinyanzi, udongo ukilowa unateleza na kuziba, maji hayazami, ukikauka jembe linaruka. Na uchungu wa magadi, yaani pH ikipita nane na nusu hivi, unafunga chuma, zinki na fosforasi. Virutubisho vipo udongoni lakini mmea hauvipati.

Kwa hiyo Fundi, ukienda tena Kahe angalia majani machanga. Yakiwa ya njano huku mishipa yake imebaki kijani, hapo ni njaa ya chuma. Kiu ya maji haileti rangi hiyo.

#5 Kibatari
Samahani wakuu, tuna uhakika tunazungumzia kitu kimoja? Kwetu matete ndiyo yale tunayokatia ng'ombe.

#6 Mama Matenga
@Kibatari hayo ya ng'ombe ni mabingobingo mwanangu. Kata shina: bingobingo ndani lina nyama, limejaa. Tete la kujengea ni bomba tupu, lina ukuta na hewa. Na suke la bingobingo limesimama na kukazana, la tete linatawanyika na kupeperuka.

Nimesuka matenga ya nyanya miaka mingi kabla hayajaingia makreti ya plastiki, mzigo nikitoa kote huko alikotaja Fundi. Tete la Kahe ni fupi ndiyo, lakini kwa tenga ndilo lilikuwa dhahabu. Ukuta wake mnene, halipasuki ukilikunja. La Mabogini linang'aa tu kwa macho, ukilibana linavunjika. Msilidharau.

#7 Ticha wa Bayo
Uzi mzuri huu. Nafundisha baiolojia sekondari, naomba niwape kipimo kabla hatujaendelea kupigana.

Tanzania tuna matete ya jenasi Phragmites ya aina zaidi ya moja. Lililo la kawaida kwenye mito yetu ni Phragmites mauritianus. Lipo pia Phragmites australis, ambalo limeenea karibu dunia nzima. Kutofautisha porini, shika ncha ya jani. Ya mauritianus ni ngumu na inachoma kama sindano. Ya australis inaishia kama uzi, inalegea na kuning'inia. Pia mauritianus hupenda kutoa matawi kwenye vifundo.

Kwa hiyo shemeji wa Kahe anaweza kuwa sahihi bila kujua. Fundi, ulisema ya Kahe yanachoma mikono. Ya Mabogini je?

#8 Fundi Wigo
Ticha asante. Ya Mabogini nayo yanachoma ukiyavamia kichwa kichwa, ila si sana. Ya Rau sijawahi kuyahisi. Matawi: ya Kahe yana matawi mengi, ya Mabogini machache.

#9 Ticha wa Bayo
Basi ndiyo hivyo. Kahe ni mauritianus. Rau tunahitaji kuhakiki.

#10 Mfugaji wa Tambarare
Ticha pole pole. Mimi nachungia pande hizo. Hayo matawi ya Kahe yametengenezwa na ng'ombe wetu. Kiangazi malisho yakiisha kundi linaingia kwenye matete, linakula chipukizi na kile kilele laini. Tete likikatwa kichwa linachipua pembeni kwenye vifundo. Mabogini ng'ombe haingii, kuna mpunga wa watu, utalipa faini. Sasa utasemaje matawi ni alama ya aina?

Tena hata huo ufupi. Kinacholiwa kila mwaka kitakuwa kirefu saa ngapi?

#11 Binti wa Kahe
Baba Mfugaji, upande wa shamba letu kuna kipande kimezungushiwa miiba, ng'ombe hawafiki. Matete bado mafupi. Matawi ni machache kweli, hapo nakupa. Lakini ufupi uko pale pale.

#12 Tope la Oria
Naona wote mnazunguka mbuyu. MBOLEA jamani.

Maji ya mifereji ya Mabogini yametoka wapi? Yanapita kwenye mashamba ya mpunga ambayo watu wanamwaga yurea kila msimu. Ongeza na mabwawa ya majitaka ya mji wa Moshi, yako huko huko Mabogini, na maji yake yakishapita kwenye mabwawa watu wanamwagilia mpunga. Hiyo ni naitrojeni ya bure. Tete linapenda naitrojeni kupita kiasi, ndiyo maana Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walilitumia kwenye majaribio ya kusafisha majitaka kwa ardhi oevu ya kutengenezwa. Wanalipanda kwenye changarawe, majitaka yanapita chini, lenyewe linanenepa na maji yanatoka yakiwa safi zaidi.

Na Mama Matenga ameshatoa ushahidi bila kukusudia: la Mabogini nene lakini linavunjika. Mmea ukishiba naitrojeni unakua haraka, ukuta unakuwa mlaini. Mpunga uliozidishiwa yurea nao si unalala?

#13 Chalii wa Ngarenaro
Kwa hiyo dari ya sebuleni kwa tajiri wa Shanty Town imekuzwa na choo cha Majengo. Moshi mko juu.

#14 Fundi Wigo
@Chalii usiniharibie soko. Tunayakausha juani mpaka yanalia.

Tope la Oria hoja yako nzito. Ila pembezoni mwa Rau hakuna yurea wala majitaka pale ninapokata, na bado ni marefu. Hilo unalielezaje?

#15 Mfongo Mkavu
Rau ni kivuli. Kile ni kipande cha msitu kinachoishi kwa maji ya ardhini, ndiko iliko miti ya msoo. Tete likiwa chini ya miti linakimbilia mwanga, linarefuka bila kunenepa halafu linashindwa kujibeba. Ndiyo maana yamelaliana. Urefu wa Rau na urefu wa Mabogini ni vitu viwili, msiviweke kwenye kapu moja.

#16 Samaki Mbichi
Wakuu nimechelewa. Namuunga mkono Fundi, ni maji. Nendeni bwawa la Nyumba ya Mungu mkaone matete yaliyosimama ndani ya maji, msitu mzima, mtumbwi haupiti. Kadiri maji yanavyokuwa na kina ndivyo linavyorefuka, lazima kichwa kiwe nje lipumue.

#17 Binti wa Kahe
@Samaki Mbichi yale mengi ya Nyumba ya Mungu si matete. Yale yenye kitu cha kahawia juu kimesimama kama mshikaki, majani bapa yametoka chini moja kwa moja bila vifundo? Hiyo ni Typha. Ndiyo hiyo hiyo iliyofunga Ziwa Jipe. Si nyasi za jamii hii.

#18 Ticha wa Bayo
Sahihi. Typha ina familia yake. Tete ni nyasi kweli, ukoo mmoja na mpunga, muwa na mahindi.

#19 Samaki Mbichi
Liite utakavyo, hoja ya kupumua inabaki. Nina bwawa la sato. Lilivamiwa na hayo ya mshikaki upande mmoja na matete upande mwingine. Nilikuwa nafyeka juu ya maji, yanarudi kwa hasira. Mzee mmoja akaniambia subiri maji yajae, kata CHINI ya maji, usiache kisiki hata kimoja kinachochungulia. Ya mshikaki yalioza kwenye tope. Matete yalipungua sana ila hayakuisha, yalijificha ukingoni.

#20 Ticha wa Bayo
Mzee huyo anajua. Na hapa niwasahihishe wote mnaosema "mizizi" ya tete: lile bomba nene linalotambaa chini ya tope ni shina. Mizizi ni zile nyuzi zinazotoka kwenye vifundo vyake. Tope halina oksijeni, kwa hiyo shina hilo linaletewa hewa kutoka juu. Majani yanasukuma hewa ikashuka kupitia mashina mabichi, ikapita chini, kisha ikatokea kwenye mashina ya zamani yaliyokauka na kuvunjika. Visiki vikavu mnavyoona havina kazi ndiyo madirisha ya kutolea pumzi. Ukikata vyote chini ya maji umeziba njia, la chini linakosa hewa.

Ndiyo sababu pia tete lina mipaka yake kwenye kina. Likishasimama kwenye maji yanayokaribia mita mbili linaanza kushindwa: mashina yanakuwa marefu lakini machache, na nguvu ya kutanuka chini inapungua.

#21 Kibatari
Yaani nyasi ina pua. Haya maisha.

#22 Mama Matenga
Mmeniita kwenye naitrojeni, sasa niseme mnielewe. Kuna kitu hamjakigusa: lini linakatwa.

Tete huwa linazaliwa na unene wake. Chipukizi likitoboa ardhi likiwa kama penseli, litakufa likiwa kama penseli. Halinenepi baadaye kama mti. Likitoka nene, litakuwa refu. Sisi wasukaji tulikuwa tunaangalia chipukizi za masika tu, tunajua msimu ujao mzigo utakuwaje.

Sasa unene huo unatoka kwenye akiba ya chini. Ukikata tete likiwa kavu, akiba imeshashuka chini, halidhuriki. Ukilikata bichi, au moto ukapita wakati limeanza kuchipua, linalazimika kutoa tena kwa akiba iliyobaki. Litatoa mengi lakini membamba. Kahe wanachoma moto kila kiangazi, wakati mwingine mara mbili, ili majani mateke yaote. Rau hakuna moto. Mabogini wanafyeka mifereji lakini hawachomi. Moto ndio unaowadanganya.

#23 Fundi Wigo
Mama shikamoo. Hilo la chipukizi naapa ni kweli, sijawahi kuona jembamba likanenepa. Mengine nayaacha kwenye mizani.

#24 Mama Matenga
Marahaba. Na uache kukata mabichi, nimekuona mizigo yako soko la Mbuyuni ina rangi ya kijani.

#25 Chalii wa Ngarenaro
HAHAHA Fundi amekamatwa kwenye uzi wake mwenyewe.

#26 Mgeni Njiani
Wakuu salaam. Niko Ulaya kimasomo, mambo ya ardhi oevu. Niwape ya huku yanaweza kumfurahisha shemeji wa Kahe.

Delta ya mto Danube kule Romania ina matete mengi mno, na wenyeji tangu zamani wanajua kuna makubwa na membamba. Walipochunguza seli wakakuta mengine yana seti nne za kromosomu na mengine nane. Yale majitu ni ya seti nane. Yote yanaitwa Phragmites australis. Kwa hiyo jina moja kwenye kitabu halimaanishi damu moja.

Marekani nako. Matete yalikuwepo kabla, ya asili. Baadaye yakaanza kuvamia mabwawa kwa kasi, watu wakadhani ni mmea ule ule umeharibiwa na mbolea na chumvi ya barabarani. Mwaka 2002 utafiti wa vinasaba ukaonyesha kuwa yanayovamia ni ukoo ulioingia kutoka nje. Kwa macho yanafanana sana.

Kwa hiyo Ticha, hata ncha zote zikichoma, bado mbegu inaweza kuwa tofauti.

#27 Tope la Oria
Sawa Mgeni, lakini hao wavamizi wa Marekani nao wanapenda naitrojeni na ardhi iliyovurugwa, au si kweli?

#28 Mgeni Njiani
Ni kweli. Ukoo ule unatumia mbolea kuliko ule wa asili. Vyote viwili vinashirikiana, ndiyo maana ubishi huku nao haujaisha.

#29 Kibatari
Mbona rahisi? Chukua vipande vya chini vya Kahe, Rau na Mabogini, pandeni ndoo moja moja, udongo mmoja, maji sawa. Vikilingana, ni mazingira. Visipolingana, ni mbegu. Mnakula bando bure.

#30 Tope la Oria
Imeshafanyika bwana. Mdogo wangu alikuwa na mradi wa shule, akapanda nyuma ya nyumba. Vipande vya Kahe na vya Mabogini, ndoo zile zile za rangi, tope la hapa Oria, maji ya bomba. Ndoo nyingine za Kahe akawekea maji yenye magadi ya dukani, ya kupikia maharage.

Zenye magadi zilidumaa, majani njano, kama alivyosema Mfongo Mkavu. Za Kahe zenye maji safi zilirefuka kuliko zilivyo Kahe, tena sana. LAKINI hazikuzifikia za Mabogini.

#31 Binti wa Kahe
Si ndiyo hayo! Magadi yameondoka, zimerefuka.

#32 Mgeni Njiani
Si ndiyo hayo! Mazingira yamelingana na bado hazijalingana. Damu hiyo.

#33 Mama Matenga
Si nilisema akiba? Kipande cha Kahe kilitoka chembamba, kimeungua na kuliwa miaka nenda rudi. Kikipandwa kinatoa chipukizi kwa akiba kilichokuja nayo. Huyo mtoto alitakiwa aache misimu kadhaa ndipo apime. Alisubiri?

#34 Tope la Oria
Mradi ulikuwa wa muhula mmoja, shikamoo. Baada ya hapo mama alizichukua ndoo.

#35 Ticha wa Bayo
Na ndoo yenyewe ni tatizo. Tete limezoea kutambaa, chini linajibana. Mradi mzuri lakini naomba nitoe maoni kama ningekuwa nasahihisha: vipande vilipimwa uzito kabla ya kupandwa? Vilitoka shina changa au kuukuu? Vya Mabogini vilitoka sehemu ngapi? Maana kichaka kizima cha tete kinaweza kuwa mmea mmoja tu uliotambaa. Ukichukua vipande kumi kichaka kimoja umepima mtu mmoja mara kumi.

#36 Mfugaji wa Tambarare
Ticha dogo wa watu alipata ngapi kwanza?

#37 Tope la Oria
Alipata B. Mwalimu alisema hajaandika kichwa cha jedwali.

#38 Chalii wa Ngarenaro
Kwa hiyo sayansi ya Kilimanjaro imesimama kwa sababu mama alitaka ndoo zake.

Njooni Arusha tuwape data. Kule Ngarenanyuki na Maji ya Chai maji yana floraidi mpaka meno yetu yamebadilika rangi. Mkipanda matete huko yatatoka na meno ya kahawia.

#39 Mfongo Mkavu
@Chalii umetania lakini ni kipimo kizuri. Ukishuka Momella, mwambao wa yale maziwa ya magadi umejaa vijani vifupi vya jamii ya ndago, nyembamba, zinazovumilia magadi. Ukija Ziwa Duluti pale Tengeru, maji baridi, mafunjo yamesimama kama kawaida. Mlima Meru ule ule umetazama kote kuwili. Maji yakibadilika dawa yake, wakazi nao wanabadilika. Tete lenyewe liko katikati: linavumilia kiasi fulani, linalipa kwa kimo, na likizidiwa linawaachia wengine. Kahe liko kwenye kulipa.

#40 Binti wa Kahe
Hiyo "linalipa kwa kimo" nimeipenda, naiba.

#41 Dalali Mstaafu
Nimesoma kuanzia mwanzo. Niulize kijinga: kuna mtu amepima maji yenyewe? Namaanisha yanakaa siku ngapi. Fundi anasema maji, Samaki anasema kina, lakini maji ya mita moja kwa mwezi mmoja na maji ya kiganja mwaka mzima ni mambo mawili tofauti. Kahe baada ya El Niño ya 1997 na 1998 ilikaa chini ya maji muda mrefu, wazee wa huko watakumbuka. Matete ya miaka ile yalikuwaje?

#42 Mfugaji wa Tambarare
Yalirefuka. Ng'ombe walikuwa wanapotea humo, unasikia kengele tu. Ila hapo hapo ng'ombe walipungua, moto haukuwaka kwa unyevu, na mafuriko yaliosha magadi na kuleta udongo mpya kutoka mlimani. Chagua lako.

#43 Ticha wa Bayo
Baba Mfugaji umefunga mjadala na kuufungua tena kwa sentensi nne.

#44 Fundi Wigo
Jamani mimi nilikuja na jibu moja, naondoka na saba. Wikiendi napeleka kamba na futi. Nitapima unene wa shina usawa wa ardhi, urefu, idadi ya vifundo, na nitahesabu mashina ndani ya mita moja ya mraba. Ticha kuna kingine?

#45 Ticha wa Bayo
Kina cha maji, kama pana kivuli, kama pana alama ya moto au kuliwa. Na usichague kichaka kizuri. Tupa fimbo ukiwa umefumba macho, itakapoangukia ndipo upime, la sivyo macho ya fundi yatakupeleka kwenye mzigo mzuri.

#46 Kibatari
Kutupa fimbo ndani ya matete kisha kuifuata. Chatu nao wanasoma huu uzi wanafurahi.

#47 Mama Matenga
Vaa gambuti. Na ukipita Kahe nichukulie mzigo mmoja wa yale magumu, nimepata mteja wa matenga ya mapambo hotelini. Bei usinifanyie ya mgeni.

#48 Mfongo Mkavu
Kabla Fundi hajaondoka. Jana nimepita barabara ya kwenda kiwanda cha sukari cha TPC, kwenye mtaro mkavu kabisa, udongo mweupe wa magadi, hakuna kivuli, ng'ombe wanapita kila siku na pameungua majuzi. Katikati limesimama tete moja nene limepita nguzo ya simu ya zamani. Moja tu. Yaliyolizunguka yote ya magotini. Kila mwenye nadharia hapa ajibu hilo.

#49 Mgeni Njiani
Damu.

#50 Tope la Oria
Kuna mtu anajisaidia hapo.

#51 Samaki Mbichi
Chini kuna bomba la maji limepasuka. Chimbeni.

#52 Mfongo Mkavu
Nani ana jembe la kuazima maeneo ya Pasua? La kwangu lina mpini wa tete la Mabogini, nimeambiwa halifai.